Naponda tembe za binti yangu kwenye uji, na kanisa linashuhudia kwamba amepona

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi kutoka Vihiga. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 44, nina mke na watoto wanne. Naomba usichapishe jina langu wala la kijiji chetu, maana huku kwetu moshi ukitoka jikoni jirani anajua kinachopikwa.

Nianze na kanisa. Mwaka wa 2021 tulikuwa familia kumi na moja tuliojitenga na kanisa tulilofungia ndoa. Kisa kilikuwa pesa. Tulichanga miaka mitatu tununue ploti, ploti haikuonekana, na kila tulipouliza tuliambiwa tunamgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Tulipotoka, msaidizi wa pasta alitoka nasi. Huyo ndiye tunayemwita Mtumishi. Tuliabudu kwanza chini ya mwembe, kisha nikatoa kipande cha shamba nililoachiwa na baba, tukasimamisha mabati. Nilichaguliwa karani na mweka hazina. Katika daftari la mkutano wa kwanza niliandika kwa mkono wangu kwamba kila shilingi itasomwa mbele ya washiriki Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kwamba yeyote ana ruhusa ya kuuliza.

Mshauri, miaka miwili ya mwanzo ilikuwa mitamu, na nisingependa mtu adhani nilidanganywa tangu siku ya kwanza. Mtumishi alikuwa akiamshwa saa nane za usiku kumpeleka mgonjwa hospitali kwa bodaboda, na mafuta anatia yeye. Mama mkwe wangu alipofariki, kanisa zima lilikesha kwetu siku nne, wanaume wanapasua kuni, wanawake wanapika. Kila Jumapili tulikariri Imani ya Mitume.

Mwisho wa 2023 Mtumishi alipanda vilima vya Maragoli akafunga siku 21. Aliporudi hakuwa yule yule. Alisema amefunuliwa kwamba hakuna Utatu, Baba na Mwana na Roho ni majina tu ya Yesu, na aliyebatizwa kwa maneno mengine hajabatizwa. Tukashuka mtoni kubatizwa upya. Mke wangu alilia usiku kucha kabla ya siku hiyo, kwa kuwa mamake alikuwa wa kanisa la Friends, yaani Quaker, na Friends hawabatizi kwa maji kabisa. Alimuuliza Mtumishi mama yuko wapi sasa. Akajibiwa kwamba asiulize habari za waliokwisha kupotea. Baadaye Mtumishi alitangaza kwamba Eliya aliyeahidiwa katika Malaki 4 ni yeye. Halafu tukakatazwa kwenda matanga ya watu wa dunia. Baba yangu mdogo alipozikwa nilipita pale usiku, nikampa binamu yangu mchango wa chakula gizani kwenye ua, nikarudi nyumbani bila kutupa udongo. Hesabu nazo hazisomwi tena. Mtumishi alisema Roho haandikiwi risiti.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Binti yetu mkubwa ana miaka 13. Alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka tisa. Dawa za kliniki zilimtuliza, akapita miaka miwili bila kuanguka. Katika kesha la Pasaka mwaka huu Mtumishi alimwekea mikono na kutangaza kwamba amepona. Mke wangu alirudi nyumbani akatupa tembe zote kwenye choo cha shimo, huku akiimba.

Nilirudi kliniki peke yangu. Nikasema dawa zimepotea, wakanipa nyingine. Naziweka shuleni, kwenye droo ya meza yangu. Kila jioni narudi na moja au mbili zikiwa zimekunjwa kwenye karatasi mfukoni. Tangu Pasaka mimi ndiye ninayepika uji wa asubuhi. Naponda tembe kwa mgongo wa kijiko, nachanganya kwenye kikombe chake cha uji wa wimbi, naongeza sukari. Ya usiku mara nyingi inanishinda, maana jikoni kuna watu. Mke wangu anaamini wokovu umenilainisha moyo, na amewaambia akina mama kanisani jinsi mumewe anavyoamka kumpikia. Wiki iliyopita binti yangu aliniuliza, "Baba, mbona uji wangu una uchungu na wa wengine hauna?" Nikamwambia ni wimbi la msimu huu.

Mke wangu ametoa ushuhuda mara tatu. Watu wamekuja kutoka mbali kumwona msichana aliyepona. Mmoja ni mama kutoka Sabatia mwenye mvulana wa miaka minane, mgonjwa vile vile. Alimwachisha mwanawe dawa baada ya kumsikia mke wangu. Mvulana ameanguka mara mbili katika wiki moja. Mtumishi amesema mama yake ana shaka moyoni.

Dada yangu anayeishi Nakuru hunipigia simu kila wiki tangu zitoke habari za Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa. Anasema tuko katika dhehebu potovu, nichukue watoto nitoke leo. Mimi humjibu kwamba nyanya yetu, aliyenilea, alikuwa wa kanisa la African Israel, na shuleni nilichekwa kwa ajili ya kanzu yake nyeupe na ngoma za Jumapili. Naye aliitwa mpotofu. Lakini ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati nilipougua malaria, kanzu na kilemba mwilini, akiomba njia nzima.

Niambie, Mshauri. Je, kanisa letu ni la Kristo lililopata ufunuo ambao wengine hawajaupata, au ni kundi potovu? Na mimi ninayemlisha mwanangu dawa kwa siri huku kanisa likimshukuru Mungu, natenda dhambi? Nikisema ukweli nitamvunja mke wangu. Nikinyamaza, sijui.

Mwalimu, Vihiga


JIBU LA MSHAURI

Mwalimu, ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale penye kikombe cha uji. Miezi yote hii umebeba mzigo huu peke yako, mbele ya watu wanaokusifu kwa jambo ambalo wangelijua wangekufukuza. Uliposhika kalamu nadhani ulikuwa umechoka sana.

Umeniuliza kama kanisa lenu ni la kweli au ni potovu, na kama unatenda dhambi. Yote mawili nitayafikia. Lakini niruhusu nianze na mtu ambaye hukuniuliza habari zake, yule mvulana wa Sabatia, kwa sababu yeye hawezi kungoja tumalize habari za Utatu.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Dawa huzuia kuanguka, na zikikatwa ghafla degedege inaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, nyingine ya muda mrefu inayoweza kuua. Mtoto aliyeachishwa dawa akaanguka mara mbili katika wiki moja anatakiwa kliniki sasa. Akianguka kabla hajafikishwa, alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na ikipita dakika tano hajatulia akimbizwe hospitali. Mama yake aliacha dawa kwa kuwa aliambiwa kuna msichana asiyekunywa dawa na haanguki. Msichana huyo hayuko, Mwalimu. Yuko msichana anayekunywa dawa na haanguki, na anayejua hivyo ni wewe, na sasa mimi.

Huna haja ya kusimama madhabahuni. Sentensi moja inatosha, ukiwa na huyo mama faraghani: binti yangu bado anakunywa dawa, nampa mimi. Najua hatari yake. Mama akitikisika atamwendea Mtumishi, na kabla ya jua kutua mke wako atakuwa amesikia kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Kwa hiyo mke wako aanze kusikia kutoka kwako, na huyo mama asikie siku hiyo hiyo au inayofuata. Nisingependa Jumapili nyingine ipite. Na akikataa kumrudisha mtoto, basi afisa wa watoto yuko, chifu yuko, na namba ya simu ya watoto ni 116, haitozwi. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya matibabu. Imani ya mzazi haimfuti mtoto katika kifungu hicho cha 53.

Sasa mke wako. Umeandika kwamba ukisema ukweli utamvunja. Huenda. Wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, mimi namjua kwa kurasa mbili tu. Lakini nimejiuliza maswali kadhaa juu yake. Huyu ni mwanamke aliyelia usiku kucha kwa ajili ya mamake marehemu, akamwendea Mtumishi na kumuuliza usoni mama yuko wapi. Katika barua yako yote sioni mtu mwingine aliyeuliza swali gumu kama hilo. Pengine ana nguvu kuliko unavyomhesabia. Na pengine kutupa zile tembe kulikuwa na kitu kingine ndani yake. Mama wa mtoto wa kifafa huishi akisikiliza, usiku na mchana, kama kuna kishindo. Alipoambiwa imekwisha, alipumzika kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Ukienda kumwambia, usimwondolee pumziko hilo kama mtu anayeshinda kesi. Usianze na Mtumishi, anza na binti yenu. Mwambie uliogopa. Mwambie na wewe ulitamani sana iwe kweli.

Atakasirika, na ana haki, kwa kuwa umemwacha asimame mara tatu mbele ya watu na kusema jambo ambalo wewe peke yako ulijua si kweli. Hakudanganya. Alisema alichokiona. Hilo ni deni lako kwake, na sioni njia ya kulilipa isipokuwa kulisema.

Lipo jambo moja ambalo huenda mkakutana hapo nyote wawili. Madaktari wenyewe, mgonjwa akikaa miaka kama miwili bila kuanguka, wakati mwingine hufikiria kupunguza dawa polepole, kwa miezi, huku wakimwangalia. Si kwa kila mtoto, na hiyo ni kazi ya kliniki kuamua. Lakini kama mke wako anaamini Mungu amemponya binti yake, ipo njia ya kulijaribu hilo bila kumtia mtoto hatarini, na maombi yake hayazuiwi njiani. Mfalme Hezekia alipougua akamwomba Mungu, Isaya alimletea neno kwamba atapona, na bado akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Paulo alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto na hakumlaumu kwamba ana shaka. Haya mke wako anaweza kuyasoma katika Biblia yake mwenyewe, bila mimi na bila Mtumishi.

Ila kliniki haiwezi kupima chochote wakati huu, kwa sababu haijui mtoto anakunywa nini. Unakiri ya usiku mara nyingi inakushinda. Tena tembe nyingine za kifafa zimetengenezwa ziyeyuke taratibu tumboni, na kuziponda huharibu kipimo. Rudi kwa yule aliyekupa, mwambie ukweli wote, mpaka kijiko. Wahudumu wa kliniki wamesikia makubwa kuliko hayo.

Na binti mwenyewe? Miaka 13, Mwalimu. Anaamini hana ugonjwa. Mtoto anayeamini hana kifafa huenda mtoni peke yake, hupanda mti wa mapera, hukaa karibu na moto akisonga ugali bila mtu jikoni. Tena ulimi wake umeshamwambia kuna kitu. Umeniuliza kama ni dhambi. Mimi si padri wa kukuungamisha, na kumpa mtoto dawa yake siwezi kamwe kukuhesabia kosa. Lakini lile jibu la wimbi la msimu huu naona linakuuma, ndiyo maana uliliandika. Atakapojua, na atajua, atakumbuka aliuliza.

Ningekaa naye nje mahali penye kivuli, mama yake akiwa ameshajua, nimweleze ugonjwa wake kama mtu anayekua.

Twende kanisani. Unataka nikuambie ni la Kristo au ni potovu, na naona swali hilo limekushika kwa sababu ya nyanya yako. Dada yako anasema kujitenga ni dalili ya upotovu. Wewe unasema nyanya naye alijitenga. Nahisi nyote wawili mnalipa neno kujitenga uzito lisioweza kuubeba. Magharibi mwa Kenya tungehukumiana hivyo, nani angebaki? Zakayo Kivuli alitoka katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori akaanzisha African Israel mwaka wa 1942. Matthew Ajuoga na wenzake walitoka Anglikana miaka ya 1950, wakaitwa Johera. Legio Maria walitoka Katoliki mapema miaka ya 1960. Wote waliitwa majina. African Israel leo imo katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Kujitenga hakukuwafanya waovu, lakini pia hakukuwafanya watakatifu. Yaliyofuata baada ya kutoka ndiyo ya kutazamwa.

Maswali yako nayaona mawili, na umeyafunga kamba moja. La kwanza ni kama mafundisho ni sahihi. Kwa kipimo ambacho makanisa mengi yamekishika tangu Baraza la Nikea mwaka wa 325, fundisho kwamba Baba, Mwana na Roho ni majina tu ya mmoja liko nje. Wala si ufunuo mpya wa vilima vya Maragoli. Katika karne ya tatu lilihusishwa na mtu aliyeitwa Sabelio, likakataliwa. Likarudi Marekani miongoni mwa Wapentekoste, hadi mwaka wa 1916 Assemblies of God waliposhikilia Utatu na waliobatiza kwa jina la Yesu pekee wakaondoka. Wanaofundisha hivyo wapo mpaka leo, na Kenya wapo, wenye kusoma Matendo 2:38 pale wengine wanaposoma Mathayo 28:19. Unaweza kukaa na mchungaji unayemwamini mkalijadili hilo mwaka mzima. Wamo watu wa imani hiyo wanaolea watoto wao vizuri, wanazika ndugu zao na kumeza dawa zao. Kuhusu Eliya, soma Mathayo 11:14 umwone Yesu anamtaja nani. Wafuasi wengi wa William Branham, mhubiri wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1965, nao humpa yeye nafasi hiyo ya Malaki. Mtumishi wenu si wa kwanza kuidai.

La pili ni jinsi kundi linavyomshika mtu. Hili halihitaji Kigiriki. Hapa ndipo kulipo na udongo ambao hukuutupa kwenye kaburi la baba yako mdogo, nawe mwana wa Mmaragoli unajua maana yake. Ndipo kulipo na mama aliyeambiwa mwanawe anaanguka kwa sababu ya shaka yake, na mke aliyekatazwa kuuliza habari za mamake. Kanisa linaweza kukariri Imani ya Mitume bila kukosea neno na bado likamshika mtu koo. Jingine linaweza kukosea juu ya Utatu na likamwacha mtu akapumua. Friends wako Kaimosi tangu 1902, hawajawahi kubatiza kwa maji, na sijasikia jirani akiwakimbia kwa ajili hiyo.

Shakahola sitakutisha nayo. Dada yako ameshafanya hivyo, na ana sababu: kule Kilifi mwaka wa 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi ndani yake. Kanisa lenu haliko huko, na kulinganisha haraka kungekufanya ulitetee badala ya kulitazama. Niseme tu kwamba mtoto kunyimwa dawa ni jambo ambalo sitalipima kwa upole, kanisani kwenu wala kwingine.

Kipimo nadhani unacho nyumbani, kimeandikwa kwa mwandiko wako. Litoe lile daftari la 2021. Mlitoka kwa nini? Kwa sababu hesabu hazikusomwa na aliyeuliza aliambiwa anamgusa mpakwa mafuta. Soma ukurasa ule, kisha ujiulize leo hesabu zinasomwa lini, na aliyeuliza anajibiwaje. Wewe bado ni mweka hazina. Unaweza kuomba, kwa heshima, zisomwe Jumapili ya mwisho wa mwezi kama mlivyokubaliana. Utakalojibiwa litakuonyesha mengi kuliko barua yangu. Huenda Mtumishi akakumbuka alivyokuwa. Mtu aliyewatilia wagonjwa pikipiki mafuta usiku wa manane hajafa ndani yake, au ndivyo ninavyotumaini. Pia huenda akakutenga mbele ya wote, na familia zile kumi, zilizokesha kwenu siku nne, zikaacha kukusalimu njiani. Hilo nalo lipime, maana kwenu kijijini si jambo dogo. Usiende peke yako. Katika familia kumi lazima yupo mzee mmoja anayelala vibaya kama wewe.

Ukiamua kubaki uvute kamba kutoka ndani, utahitaji mipaka usiyoivuka: dawa za watoto, shule, mazishi ya ndugu. Ukiamua kutoka, toka na mke wako kama inawezekana, hata ikichukua miezi. Mume anayetoka na watoto ghafla, kama dada yako anavyotaka, anaweza kumwacha mke mikononi mwa wale wale anaowaogopa, isipokuwa uhai wa mtoto uko hatarini, hapo usingoje mtu. Kuhusu shamba, usilifanye rungu. Ukifunga mabati kwa kufuli kwa hasira watasema umerudi nyuma kwa ajili ya ploti, na waliokuwa wameanza kukusikiliza watanyamaza. Mzungumze na wazee wa ukoo kwanza.

Katika Marko 9, ile sura ambayo bila shaka Mtumishi aliisoma usiku wa Pasaka, yupo baba mwenye mtoto anayeangushwa motoni na majini. Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, ndivyo alivyosema, mbele ya umati wote. Yesu hakumwambia arudi siku shaka itakapokwisha. Sikuletei hilo kama jibu. Nimelikumbuka tu niliposoma barua yako, baba wa Vihiga.

Swali la mke wako juu ya mamake sina mamlaka ya kulijibu, wala sidhani Mtumishi anayo. Kama anataka kulizungumza na mtu, Friends wana wachungaji waliomjua mama yule, na mmoja wao huenda ndiye aliyemzika. Angeweza kwenda kumwona tu, hata bila kubadili kanisa, akae, apewe chai, aulize.

Niandikie tena, hata mistari miwili. Nataka kujua kama mvulana wa Sabatia amefika kliniki.

Mshauri wako